Y Katika Tyubu Tupu

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kanihamishia chumba safi cha maabara, kwenye kazi ya kromosomu Y, ile ya kiume. Wanaume marufuku! Sisi wanawake hatuna Y, kwa hiyo hata chafya ikinitoka juu ya sampuli, DNA yangu haiharibu majibu. Mwenzangu wa zamu kanipongeza: mara hii tumepata kazi kwa kukosa kitu.

Jumatano, 5 Machi
Namwonea Y huruma. Zamani sana, kabla hata ya binadamu, alikuwa sawa na X, jozi kamili. Akapoteza jeni moja moja, sasa kabaki kipande. Kidogo lakini kibishi — kama mume wangu, nikasema. Mwenzangu alicheka hadi barakoa ikamtoka.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Tyubu ya maji matupu, ile tunayopima kuhakikisha chumba ni safi, imeonyesha Y. Bosi kawaka. Fundi wa kiyoyozi, mwanamume pekee aliyefika karibu wiki hii, kaapa hakuvuka mlango. Kazuiwa kuingia jengoni. Hata mimi sikumwamini.

Jumanne, 11 Machi
Nimerudia. Y ileile. Tumetoa mate sote wawili yapimwe. Kutimiza utaratibu tu, kasema bosi.

Alhamisi, 13 Machi
Mwenzangu: X mbili. Mimi: X na Y. Nimesoma namba ya sampuli mara nne. Ni mimi.

Najua inavyotokea. Y hutoa amri, mwili hausikii, mtoto huzaliwa msichana, hukua mwanamke. Kizazi hana; tumboni hubaki korodani, na madaktari huzitoa. Nimeshawafundisha wanafunzi hayo, tena kwa michoro! Na miaka yote naamini maneno ya mama — kwamba utotoni nilipasuliwa uvimbe, kizazi kikaondoka nao. Kovu ninalo. Uvimbe, sijui kama ulikuwepo.

Naogopa. Na nimemkasirikia mama.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwambia bosi: Y ni yangu, fundi arudishwe. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Kasema pole. Pole ya nini? Sijafiwa.

Jioni nikampigia mama. Niliuliza tu ule uvimbe ulikuwa wa nini. Akauliza: nani kakwambia?

Jumamosi, 15 Machi
Mama kafika asubuhi, bila taarifa. Mume wangu hajui lolote. Kamkaribisha vizuri, katoka kununua mkate. Mama kakaa sebuleni, bahasha kuukuu ya hospitali mapajani, mikono yote miwili juu yake. Nimeiomba. Kasema, mwanangu, tunywe chai kwanza.

Naandika jikoni. Maji yameshachemka zamani.