Kisomeo kilichovaa kitenge

Dufie, leo nimeaibika dukani kwa Konadu, fundi wa kompyuta.

Nimemwambia mbele ya wateja, "Ing'oe hii Linux, mfumo aliouweka mjukuu wangu kwenye kompyuta yangu. Haikioni kisomeo changu, hiki kidude cha kusomea vitabu, na mume wangu asiyeona anangoja nimsomee sehemu ya pili ya hadithi."

Akaunganisha kisomeo na kompyuta kwa waya. Kompyuta haikuonyesha kitu. Nikasema, "Umeona?"

Akauliza, "Nana, hili koti la kitenge la kisomeo huwa unalivua?"

Lile nililolishona mwenyewe, Dufie, lenye vifungo. Akalifungua. Kioo cha kisomeo kinauliza: "Niunganishe na kompyuta?" Akagusa ndiyo, sehemu ya pili ikaingia kwenye kisomeo papo hapo.

Wiki nzima kinaniuliza.

Nyumbani nikamtegea mzee wangu kitendawili: "Mgeni anabisha hodi, mwenyeji kamfunga mdomo kwa vifungo."

Amecheka hadi uji ukamwagika, kisha akasema, "Haya, mwenyeji, soma."