Kwa Nini Simtoi Baba kwa Esnah

S.L.P. 318,
Nyamira.
9 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Geoffrey,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na Bathsheba na watoto wanaendeleaje? Nasikia baridi imeanza huko Minnesota. Vaa vizuri, kifua chako nakijua tangu utotoni. Sisi tuko salama. Mvua imekuwa nzuri na majani ya chai yamewashinda wachumaji.

Naandika kwa mkono kwa sababu mke wa mchungaji anasafiri kuja huko na amekubali kukuletea. Kwenye kundi la familia tunazomeana tu. Barua angalau huwezi kuikatiza.

Umemwagiza ndugu yetu Job aende akamtoe Baba kwa Esnah kabla hujafika Desemba, watu wasije wakasema tumemtupa mzee. Job alikuja kuniuliza, maskini, kofia mkononi. Nimemwambia asubiri kwanza usome haya.

Tangu Baba apooze upande wa kulia, Job ndiye aliyekuwa akimwogesha, asubuhi kabla ya kwenda kwenye chai, na tena jioni. Joyline mkewe alipika, akaweka sahani mezani, akatoka. Chinsoni, miiko yetu ya kuheshimiana, unaijua, hukuzaliwa huko ng'ambo. Mke wa mwana hamvui baba mkwe wake shati, wala mimi binti yake simvui. Basi Baba akichafuka saa nne, alikaa hivyo hivyo mpaka Job arudi.

Siku moja alijaribu kwenda chooni peke yake, akaanguka humo ndani. Joyline alimsikia akilia. Alisimama nje ya ukuta akipiga mayowe, akiwaita wanaume wa shamba la jirani, kwa sababu yeye hangeweza kuingia. Walipofika, Baba alikuwa amevunjika kifundo cha mkono. Joyline hakula siku hiyo.

Najua utasema: nyumba yangu je? Ni nzuri, Geoffrey, na bafu la ndani linang'aa. Tulimpeleka. Aliketi kwenye kibaraza, akakataa kuvuka mlango. Hiyo ni nyumba ya mwanawe mwenye mke, ina kitanda chenu ndani, na yeye haingii humo. Hata mchungaji alimbembeleza akachoka. Uliijenga ukiifikiria miguu ya Baba, ukasahau chinsoni.

Ndiyo nikampeleka kwa Esnah hapa Nyamira. Ni muuguzi mstaafu, na wazee wake ni sita tu, katika nyumba ya kawaida yenye migomba nyuma. Kila mmoja na shida yake. Bibi Nyamusi haoni, kwa hiyo amefungiwa kamba kutoka kitandani hadi chooni, naye huifuata kwa mkono. Mzee Bosire husahau, huamka akitaka kwenda soko la Marani kuuza ng'ombe aliyekwisha kuuzwa zamani. Huyo hufungiwa geti, kisha mtu hukaa naye wakapatana bei mpaka atulie.

Baba huogeshwa na mwanamume wa makamo anayeitwa Momanyi. Ungekuwepo siku ya kwanza ungecheka. Baba alikataa kuguswa hata bega mpaka amhoji. Baba yako nani? Mama yako alitoka wapi? Dada zako wameolewa kwa nani? Momanyi akajibu yote, taulo begani, maji yakipoa. Baba alipoona hakuna undugu wala ukwe, alinyoosha mkono avuliwe shati.

Sisemi kwa Esnah ni peponi. Baba hulalamika kwamba mboga za chinsaga hupikwa bila maziwa, na wamewahi kugombana na Bosire juu ya redio. Lakini ni msafi, na sasa hutembea hadi getini kwa mkongojo.

Nitasema wazi, maana nimekasirika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe kazi yako huko ni hii hii ya kuwalea wazee katika nyumba kama ya Esnah, na sisi sote tunaiheshimu. Inakuwaje huko ni kazi na hapa ni aibu?

Sabato iliyopita nilimwambia Baba kwamba unataka arudi. Akasema, "Nyumbani nitarudi siku yangu ikifika, hakuna wa kunizuia. Kwa sasa niacheni mahali ninapooga." Baadaye, nilipokuwa naaga, akaniuliza, "Wale wazee wa Geoffrey, watoto wao huenda kuwaona?" Nilimwambia sijui. Niliona uchungu mwingi, nikaondoka haraka.

Basi Job haendi kumchukua. Ukitua, usipitie nyumbani kwanza, njoo Nyamira moja kwa moja. Momanyi atakupa taulo na kukuachia chumba. Wewe ni mwanawe wa kiume, unaruhusiwa, na kazi unaijua kutuzidi sote. Umewaogesha baba za watu miaka yote hii. Baba yako bado.

Job na Joyline wanakusalimu, na Esnah pia, ingawa hamjaonana. Nisalimie Bathsheba na watoto. Mungu akufikishe salama, na akulindie Baba mpaka ufike.

Dadako akupendaye hata anapokukemea,
Kwamboka