Chupa Iliyo Juu ya Kabati

Dada yangu,

Salamu zako zimefika, na ushauri wako nao, kwa bahati mbaya. Tangu umwambie wifi yako kwamba dawa ya maumivu itanigeuza teja, ameipandisha juu ya kabati. Kabati nililolitengeneza mwenyewe! Sasa mgongo haunyooki niifikie.

Dripu za kansa zimekwisha, nywele zinaota tena, majirani wananipongeza. Lakini kansa ya tezi dume imeshaingia mifupani. Daktari kaandika kijiko kila baada ya saa nne, wifi yako ananipa kimoja asubuhi, kisha ananiambia, "Jikaze, mume wangu."

Nimebakiwa na miaka mingapi ya kuizoea hiyo dawa, Dada? Mpigie leo. Wewe anakusikiliza.

Mdogo wako seremala,
aliyetengeneza kabati refu mno.