Vigingi vya Nyumba Yako

Kaka Gethin mpendwa,

Mama anakusalimu, na yule kondoo kilema amezaa mapacha. Nimetanguliza hayo kwa sababu yaliyobaki yananichoma.

Halmashauri imekunyima kibali cha kujenga. Wanasema nyumba yako itaharibu mandhari ya kilima. Kisha, katika kikao hicho hicho, wakapitisha nyumba kumi za mbao za watalii, ng'ambo tu ya ukuta wetu! Kilima ni kile kile.

Kabla ya kura, Baba alinikanyaga mguu. "Sema wewe, Nest, ndiye uliyesoma."

Unanijua nilivyo. Nilisimama nikasema, "Kaka anataka mwanawe akulie hapa, aongee Kiwelisi, lugha yetu." Nikakaa kabla sijamaliza.

"Umesema vizuri, binti," diwani wetu Emrys akaninong'oneza. Halafu akanyoosha mkono kukukataa.

Baba akafoka, "Emrys! Ulipokuja kukagua kiwanja ulikula keki ya mke wangu vipande vitatu. Ungetuachia hata kimoja!" Watu walicheka, lakini kura haikubadilika.

Mwenye nyumba za watalii ameniahidi kazi ya kutandika vitanda zikikamilika. Nimekubali, maana hapa hakuna nyingine. Baba sijamwambia.

Vigingi ulivyopigilia Pasaka kupima nyumba yako bado vimesimama. Baba hataki viguswe, kwa hiyo kondoo wanajikunia hapo. Nitakuwa nikiviona kupitia madirisha ya wageni.

Mbusu mtoto. Ukinijibu, tafadhali usiandike kwamba haidhuru.

Mdogo wako,
Nest