Kidari cha Baba

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba, shikamoo yako imefika salama. Goti la bibi yako halimuumi tena, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Unaniuliza, daktari wangu, umjibu nini mgonjwa wako wa saratani aliyepandikizwa ini, anapotaka kujua kama ataishi, nawe una makadirio tu.

Enzi za Ujamaa, baba yangu alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ini huko Moshi mjini. Nilikuwa sekondari, mwenye haya, nimezama vitabuni. Krismasi ilifika akiwa bado amelazwa. Baba mdogo alichinja mbuzi hapa Kirua, akasimama na kisu mbele ya kidari, ambacho kwetu ni fungu la mwenye nyumba.

"Msomi, nikiweke au nikigawe? Kaka atarudi?"

"Kitabu kinasema wengi hawaponi," nilijibu nikitazama chini.

"Hicho kitabu kinamjua kaka yangu?"

Mama akatoka jikoni. "Mtoto kasema wengi. Hajasema wote. Kiweke, shemeji."

Baba mdogo akakikausha kwa moshi juu ya meko. Baba aliporudi alikitafuna kutwa nzima akinung'unika, "Mmenipikia kiatu?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba aliishi hadi akaniona nikiwa mwalimu.

Mpe mgonjwa wako makadirio yote, mjukuu wangu, usimfiche. Kisha muulize nyumbani wamemwekea nini.

Nami nakuombea usiku na mchana,
Babu yako Eliasi