Mahindi Niliyowarudishia

Maungu, dukani kwa Mzee Kombo,
Jumatano, saa nne asubuhi.

Mke wangu Mama Mghoi,

Kabla sijakusalimu, fanya hivi kwanza. Kama kuna sufuria mekoni yenye mahindi ya yale magunia aliyoleta Mwandoe kwa lori, iteremshe. Usiwape watoto, usimpe mama, usiwatupie hata kuku. Mwite Righa agonge kengele ya kanisa, kila aliyepokea gunia siku ile aambiwe asile. Kisha rudi umalizie kusoma. Nitakungoja.

Sasa nakusalimu. Hamjambo? Mama mgongo wake unaendeleaje na baridi hii ya mvua? Mimi ni mzima, isipokuwa mguu wa kushoto, na huo nitaufikia. Nimekaa hapa dukani kwenye gunia la chumvi, naandikia juu ya goti, kwa hiyo usishangae mistari ikienda upande.

Uliniandikia mwezi uliopita kwamba tembo wamelala siku tatu katika mashamba, na kijiji kimeamua kuvuna mahindi yangali mabichi, heri nusu kuliko kukosa yote. Mimi ndiye niliyejibu, "Leteni Voi, tunayo mashine." Wewe hujapata kuiona mashine yenyewe. Ni tangi la bati la kukaushia nafaka, refu kama nyumba mbili, na chini yake kuna jiko la mafuta na feni kubwa. Feni husukuma hewa ya moto ikapenya kwenye mahindi kutoka chini mpaka juu, na punje zilizokuja laini, baada ya siku moja ukizimwaga hulia kama changarawe. Miaka sita naiendesha. Nilipoandika maneno yale nilikuwa na majivuno, nilitaka watu wa Kasigau waone kwamba mtoto wao anashika kitu cha maana huku mjini.

Mwandoe alileta mahindi yenu Jumatatu ile, tukayamwaga yote tangini, yakajaa mpaka mdomoni. Jumanne masika yakaanza, mapema kuliko tulivyozoea. Jumatano mchana mota ya feni ikatoa moshi, ikanuka nywele zilizoungua, ikanyamaza. Nikazima jiko mara moja, maana moto bila upepo ungechoma bohari zima. Fundi akaifungua, akatazama ndani, akaifunga tena. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Imekwisha. Labda Mombasa wanayo nyingine." Mombasa wakajibu kwa simu kwamba hawana, itaagizwa Ulaya, ije kwa meli.

Mama Mghoi, mahindi mabichi yakirundikwa hayasubiri meli. Siku ya pili nilipanda ngazi nikatia mkono ndani mpaka kwenye bega. Yalikuwa ya moto. Hapakuwa na jiko, hapakuwa na kitu, yanajipika yenyewe, na harufu ilikuwa kama ya pombe inayochacha. Nilimwambia msimamizi, "Bwana, tuyatoe haraka." Akasema, "Uyatoe uyaanike wapi, na mvua hii?" Kweli hapakuwa na mahali. Tuliyatoa hata hivyo, mimi na akina mama wanne wanaofagia bohari, kwa masepetu, tukayatandaza chini ya banda kwenye maturubai. Tuliyageuza siku nne. Yale ya katikati ya tangi yalitoka yameshikana mabonge, yana ukungu wa kijani na wa kijivu. Tukayapondaponda, tukayapeta, ukungu ukapeperuka. Mwishoni yalionekana mahindi. Meusi kidogo, lakini mahindi.

Msimamizi akasema kila mtu arudishiwe chake. Mwandoe alikuwa anakimbiza lori lifike Kasigau kabla barabara haijakatika. Nilipakia mwenyewe. Na wewe, kwa kuwa ni wewe, nilikuchagulia magunia mawili yenye punje nzuri nzuri, nikayafunga kwa kamba mpya. Nilikuwa najua akiba ya zamani imekwisha nyumbani. Nililipungia lori mkono likiondoka, nikaenda zangu kulala nikiwa na moyo mweupe.

Miongoni mwa wale akina mama alikuwemo mmoja wa Kaloleni, Mama Rehema, mtu wa pwani, mcheshi, aliyekuwa akituimbia tukigeuza mahindi. Siku ile ya kupakia nilimpa debe moja la yaliyobaki, shukrani yangu kwake. Siku ya tano hakuja kazini. Nikaambiwa yuko hospitali, nikamfuata, nikamkuta amekaa nje ukumbini. Mumewe na mtoto wao Rehema walikuwa wamelazwa, macho ya manjano kama kiini cha yai, matumbo yamevimba, wanatapika kila kitu. Daktari alikuwa amemwuliza wanakula nini, naye akaenda nyumbani akaleta kibaba cha mahindi. Daktari akayanusa tu. Nilikuwepo. Akasema, "Haya yameota ukungu. Sumu yake haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Mmeyapata wapi?"

Mama Rehema hakunitazama. Mimi ndiye niliyesema, "Kwetu, bohari."

"Na mengine yako wapi?"

Nikasema, "Yameenda Kasigau."

Mumewe alifariki Jumamosi iliyopita. Alikuwa seremala, mtu mnene mwenye nguvu, na alikwisha ndani ya siku sita. Rehema bado yuko kitandani, anaweza kunywa maji sasa. Nilikwenda mazikoni nikasimama nyuma kabisa. Mama Rehema alituma mtu aniite, akaniambia, "Mwakio, ulinipa kwa nia njema. Mungu anajua." Ningependa angenitukana.

Tangu siku ile ya daktari sijakaa chini. Nilikwenda ofisini kwa wakubwa, wakaniambia barabara imekatika, lakini watajaribu kwa redio. Nilirudi jioni, wakasema redio ya kule haijibu, labda upepo umeangusha mlingoti. Msimamizi ameandika ripoti. Ripoti hiyo imekwenda Nairobi, mke wangu, ambako hakuna mtu hata mmoja anayekula mahindi yale. Jumatatu nikaona nije mwenyewe. Nilipanda treni ya mizigo mpaka hapa Maungu, alfajiri ya jana nikaanza kutembea.

Nilifika korongo kubwa kabla ya saa sita. Unalijua, lile tunalovuka kiangazi bila hata kukunja suruali. Limejaa ukingo kwa ukingo, maji mekundu, yanabeba miti mizima. Ng'ambo nikamwona mtu anachunga mbuzi. Sikuweza kumtambua, ila alikuwa wa kwetu, nilijua kwa jinsi alivyoweka fimbo begani. Nikapiga kelele, "Msile mahindi! Waambie watu wasile mahindi ya Voi!" Akaweka mkono sikioni. Nikapiga kelele tena mpaka sauti ikapasuka. Maji yalikuwa yananguruma. Yule mtu akacheka, nikaona meno yake, akainua mkono akanipungia, jinsi mtu anavyomsalimia ndugu anayerudi nyumbani. Kisha akageuza mbuzi wake akaondoka.

Hapo ndipo akili ilinitoka nikaingia majini. Nilipiga hatua nne, labda tano. Gogo lilinipiga mguu nikaenda na maji, na kama si mzizi mmoja uliokuwa umejitokeza ukingoni, barua hii ingekuwa nyingine na ingeandikwa na mtu mwingine. Nilitambaa. Alasiri mchungaji wa ng'ombe, Mkamba aitwaye Musyoka, alinikuta njiani akanibeba mgongoni mpaka hapa. Mguu umevimba, hauwezi kukanyaga chini. Mzee Kombo anasema mfupa umevunjika, nami namwamini, kwa maana nausikia ukisagika.

Musyoka anajua mahali pa kuvukia mbali huko juu, penye miamba. Anasema ni mwendo wa siku mbili kwa kuzunguka, na tembo wako humo. Nilimwambia sina cha kumpa. Akasema, "Kwani nimekuomba?" Yeye hajui kusoma, ila nimemfundisha maneno ya kusema katika kila nyumba atakayoipita. Barua ninaituma kwa sababu unaujua mwandiko wangu, na mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa na mgeni tu amwage chakula.

Najua ninachokuomba. Najua hakuna kingine ndani. Nimewavunia njaa kwa mikono yangu, halafu nikaifunga kwa kamba mpya. Chimbeni mihogo hata kama haijakomaa. Mwombeni mwalimu wa kanisa aitishe watu wenye chochote. Kama yuko mwenye macho ya manjano, msimpe dawa za nyumbani, mtengenezeeni machela, wanaume wambebe kwa njia ya Musyoka mpaka relini. Nitakuwa hapa hapa, nitasimamisha treni kwa namna yoyote.

Nisalimie mama, umwambie nimepata kofia aliyonisukia. Nisalimie mdogo wangu Righa na mkewe aliyejifungua juzi. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi, maana najua mlimpikia uji wa yale mahindi. Nisalimie baba mkwe na jirani yetu fundi viatu. Wasalimie watoto.

Na utakapojibu, tafadhali usiandike tu kwamba watoto hawajambo. Andika Mghoi, andika Mwadime, andika Malemba, kila mmoja kwa jina lake, kwa mkono wako.

Mimi mumeo,
Mwakio