Nilimpigia Nyangumi Kigelegele

Bloomington, Minnesota

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Itikia marahaba hata kama umenuna, maana salamu haina kosa. Mguu unaendeleaje? Kaka ameniambia sasa unafika shambani bila fimbo, nikafurahi mno. Sisi huku ni wazima. Nimeandika "sisi", Mama, na nitaliandika tena na tena mpaka macho yako yalizoee. Tangu niolewe na Elia simu zangu unazikata, basi nakuandikia. Karatasi haikatiki mtu akiwa bado anaongea.

Mwezi uliopita hoteli ninakotandika vitanda walinipa likizo. Elia naye akaomba ruhusa kule Maplewood, anakofua mashuka ya hospitali. Watu wa kanisa letu la Waswahili walitegemea tungefanya karamu ya harusi: kamati, sare, keki ya ghorofa. Nikakataa. Karamu ya nini, wakati kiti cha mama wa bibi harusi kitabaki kitupu? Nikasema tunakwenda baharini, kaskazini-magharibi mwa nchi hii, kuwatazama nyangumi.

Mama mchungaji akanitania mbele ya kwaya. "Yona alifika kwa nyangumi akimkimbia Mungu. Ninyi mnamkimbia nani?"

"Kamati," nikamjibu. Kwaya nzima ikaangua kicheko, naye pia.

Tuliendesha gari siku mbili, tukipokezana. Mama, mume wangu anavyoimba akishika usukani! Ningeambiwa turudie njia ile kwa miguu ningekubali, ili mradi aimbe. Bahari tuliikuta imejificha katikati ya visiwa vyenye misonobari, maji yametulia kama maziwa yanayoanza kuganda, baridi inakata masikio ingawa ilikuwa Julai. Elia hakuwa amepanda boti tangu wazazi wake walipomvusha Ziwa Tanganyika akiwa mtoto, wakikimbia vita. Alishika kiti kwa mikono miwili. Nikamwambia bado tunaweza kushuka. Akanijibu kwa Kiswahili chao cha Kongo, ambamo mpenzi huitwa sheri: "Hapana, sheri. Ile siku nilipanda juu ya kukimbia. Leo niko napanda juu ya kufurahi."

Huyo ndiye mtu unayesema hana kwao.

Kwanza walikuja pomboo, wakichupa mbele ya boti kama watoto waliofunguliwa shule. Halafu nahodha, mwanamke mwenye mvi, akazima injini na kutuomba tunyamaze ili tumsikie nyangumi akipumua. Mama, alipojitokeza! Mgongo mweusi unang'aa, pezi limesimama refu kama mtu, pumzi ikaruka juu kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Sikujua nimefanya nini mpaka nilipojisikia. Nilikuwa nimepiga kigelegele, kile kirefu cha kwetu, cha kumpokea bibi harusi mlangoni.

Boti nzima ikanigeukia. Mzee mmoja mwenye darubini akafoka, "Dada, utamfukuza!" Kweli, nyangumi akazama. Hapo nilipaswa kuona haya. Lakini siku ya ndoa yangu hakuna mtu aliyenipigia hata kimoja, na koo langu likagoma kunyamaza. Nikapiga tena. Elia akaachia kiti, akasimama, akapiga makofi ya mdundo wa kwao na kuwatangazia abiria kwamba hii ndiyo harusi yetu. Nahodha alicheka mpaka akajifuta machozi. Mzee alininunia safari nzima. Na anune.

Nyangumi wakarudi, ukoo mzima. Nahodha akatueleza kwamba hawa wakipata wenza hawahami; kila mmoja hurudi kwa mama yake na kukaa naye mpaka uzeeni. Elia akaninong'oneza, "Mama mkwe angependa sana kuzaa hawa." Najua mkwe hatanii mkwewe. Nimekuandikia makusudi, upate la kumgombeza mwenyewe, ana kwa ana.

Mimi si nyangumi, Mama. Sirudi peke yangu. Ulinilea nijue kuchagua, nimechagua, na nina furaha hata usingizini natabasamu, Elia ameniona. Kambi ya wakimbizi alikokulia ni safari fupi ya basi kutoka mlangoni kwako hapo Kasulu. Kama Kasulu si kwao, basi hata mimi si kwetu.

Nisalimie kaka yangu Yusto, umwambie ahsante kwa kunipa habari zako kwa siri. Msalimie Shangazi Leokadia, mshonaji, mwambie gauni lake lilinikaa vizuri mno. Bibi mzaa baba mbusu mashavu yote mawili.

Desemba tunakuja wawili. Tutashuka stendi mchana kweupe, tupite sokoni tumeshikana mikono, na kila atakayeuliza nitamtajia jina la mume wangu. Ukitufungulia mlango, tutaingia. Usipofungua, tutaketi kibarazani, na wewe nakujua: huwezi kumwacha mgeni nje bila kumletea maji ya kunawa. Ukishamnawisha Elia mikono, Mama, umeshampokea.

Binti yako, mke wa Elia,
Neema